Love You Forever

Love You Forever (kwa Kiswahili: "Nitakupenda milele") ni kitabu cha picha cha watoto kilichoandikwa na Robert Munsch, mwandishi na mtambaji wa hadithi wa Kanada, na kuchorwa na Sheila McGraw. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1986 na kampuni ya Firefly Books ya jimbo la Ontario. Kinamhusu mama anayemwimbia mwanawe wimbo uleule tangu anapozaliwa hadi anapokuwa mtu mzima mwenye nyumba yake, na mwana ambaye mwishowe anamwimbia mama yake.

Ni mojawapo ya vitabu vya watoto vilivyouzwa kwa wingi zaidi Amerika ya Kaskazini tangu miaka ya 1980. Mchapishaji hutaja jumla ya zaidi ya nakala milioni 30. Pamoja na hayo, ni kitabu kinachowagawa wasomaji. Wapo wasioweza kukimaliza bila kutokwa na machozi, na wapo wanaomwona mama wa hadithi hii kuwa mtu wa kutisha. Mabishano hayo huchukua sura nyingine pale msomaji anapojua wimbo wa kitabu ulitoka wapi.

## Mwandishi

Robert Munsch alizaliwa tarehe 11 Juni 1945 mjini Pittsburgh, Pennsylvania, nchini Marekani, katika familia yenye watoto 9. Kwa miaka kadhaa alisomea upadri katika shirika la Wajesuiti, kisha akaacha na kuingia katika kazi ya malezi ya watoto wadogo. Huko ndiko alikogundua kipaji chake: wakati wa kulala mchana, watoto wa chekechea walitulia iwapo tu aliwasimulia hadithi. Hadithi yake ya kwanza, *Mortimer*, aliitunga mwaka 1972, ingawa kwa miaka mingi hakuiandika popote.

Mwaka 1975 yeye na mkewe Ann walihamia Kanada. Munsch alipata kazi katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Guelph, Ontario, na kitabu chake cha kwanza, *Mud Puddle*, kilitolewa na kampuni ya Annick Press mwaka 1979. Mwaka uliofuata ilitoka *The Paper Bag Princess*, hadithi ya binti mfalme anayemwokoa mchumba wake kutoka kwa joka kisha akakataa kuolewa naye. Vitabu hivyo vilimpa sifa ya mwandishi wa vichekesho: watoto watundu, watu wazima wasioelewa kinachoendelea, na kelele nyingi.

Njia yake ya kazi ilikuwa ya mtambaji hasa. Alisimulia hadithi mbele ya watoto mara nyingi sana, akiangalia wapi wanacheka na wapi wanaanza kusukumana, na kuibadilisha kila mara. Kuandika kulikuja mwisho. Kwa sababu hiyo sentensi zake ni fupi, hurudiwarudiwa, na zimejaa milio na vitendo ambavyo msikilizaji anaweza kuviitikia. *Love You Forever* ina alama zote hizo, lakini chanzo chake ni tofauti kabisa na cha hadithi zake nyingine.

## Chanzo cha wimbo

Mwaka 1979 na tena mwaka 1980, Ann Munsch alijifungua mtoto akiwa tayari amekufa. Baada ya vifo hivyo viwili, wenzi hao waliambiwa kwamba hawangeweza kupata watoto wa kuzaa. Baadaye waliasili watoto watatu.

Munsch ameeleza kwamba wimbo wa kitabu hiki aliutunga baada ya misiba hiyo, kwa ajili ya watoto wale wawili. Ni mistari minne tu. Kwa muda mrefu aliubeba kichwani bila kuuimba kwa sauti, kwa kuwa kila alipojaribu alilia. Hata mkewe hakuwa amewahi kuusikia. Hakuna hadithi iliyoambatana nao. Ulikuwa wimbo wa kimya wa baba aliyefiwa.

Siku moja, akisimulia hadithi katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Guelph, hadithi ya kuuzunguka wimbo huo ilimjia palepale jukwaani. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilitoka karibu kama ilivyo kitabuni. Kwa mtu aliyezoea kuzipika hadithi zake kwa miaka kabla ya kuziandika, hilo lilikuwa jambo la pekee.

Chanzo hiki kinaeleza pia umbo la kitabu. Vitabu vingi vya picha hushughulikia siku moja au tukio moja: mtoto amepoteza mdoli, amekataa kulala, ameogopa giza. Hiki kinachukua maisha mazima, kuanzia mtoto mchanga hadi mwanamume anayempakata mtoto wake. Wazazi wa mtoto aliyezaliwa mfu hawaoni hata moja ya miaka hiyo. Si siku ya kwanza ya utundu wala ujana wenye makelele, wala siku mtoto anapofunga mizigo na kuondoka. Kitabu kinaipitia miaka yote, mmoja baada ya mwingine, na hata ile inayomchosha mama imo.

## Muhtasari wa hadithi

Hadithi inaanza na mama aliyempakata mtoto mchanga wa kiume. Anambembeleza polepole huku akimwimbia. Wimbo ni bembelezi fupi: mama anaahidi upendo usiokoma na kumtaja mtoto kuwa wake. Ahadi hiyo ina mpaka mmoja tu, nao ni uhai wa mama mwenyewe.

Mtoto anakua. Akiwa na miaka 2 anakimbia nyumba nzima, anavuta vitabu kutoka rafuni, anatoa vyakula kwenye friji, na anaitupa saa ya mkononi ya mama yake chooni na kuivutia maji. Mama anasema mtoto huyu atamtia wazimu. Lakini usiku, nyumba inapotulia, anafungua mlango wa chumba cha mtoto, anatambaa sakafuni, anachungulia juu ya kitanda, na akihakikisha kwamba mtoto amelala kweli, anamwinua, anambembeleza na kumwimbia.

Mpango huo unarudiwa kila umri. Akiwa na miaka 9 kijana hataki kuingia ndani kula, hataki kuoga, na bibi anapokuja kuwatembelea anatoa maneno ya aibu. Mama anatamani kumuuza kwa bustani ya wanyama. Akiwa kijana wa balehe ana marafiki wa ajabu, mavazi ya ajabu na muziki wa ajabu; sasa mama anajiona kana kwamba yeye ndiye anayeishi katika bustani ya wanyama. Kila mara usiku ukifika, mlango unafunguliwa, mama anatambaa, na wimbo unaimbwa.

Mwana anahama na kwenda kuishi upande mwingine wa mji. Hapo ndipo hadithi inapovuka mipaka ya kawaida. Usiku wa giza, mama anaendesha gari hadi nyumbani kwa mwanawe, na kama taa zote zimezimwa, anaingia kwa dirisha la chumba cha kulala, anatambaa hadi kitandani, na kumpakata mwanamume mzima aliye usingizini.

Kisha mama anazeeka. Anampigia simu mwanawe na kumwambia aje kumwona, kwa maana amezeeka sana na anaumwa. Mwana anapoingia mlangoni, mama anaanza kuimba, lakini nguvu zinamwishia na hawezi kuumaliza wimbo. Mwana anamchukua mama yake mikononi, anambembeleza, na kumwimbia yeye, akibadilisha maneno ili yamwelekee mama.

Anaporudi nyumbani kwake usiku ule, mwana anasimama kimya kwa muda mrefu juu ya ngazi. Halafu anaingia katika chumba ambamo binti yake mchanga amelala, anampakata, na kumwimbia.

## Ujenzi wa hadithi

Muundo wa kitabu ni wa mduara, na kila raundi ina hatua zilezile: umri, utundu, malalamiko ya mama, usiku, kutambaa, wimbo. Msikilizaji mdogo anaujua mpango baada ya raundi ya pili na anaanza kuungojea. Huo ni ufundi wa masimulizi ya mdomo, na wasomaji wanaojua ngano zenye kiitikio watautambua mara moja.

Uzito wa mwisho unatokana na kuvunjika kwa mduara huo. Ahadi ya wimbo ilikuwa imefungwa kwenye uhai wa mwimbaji, na sasa uhai wenyewe unaisha. Mama anapokatika katikati ya mstari, ni ahadi yenyewe inayoishiwa pumzi. Mwana anaiokoa kwa kuihamishia kwenye uhai wake yeye, kwanza kwa ajili ya mama, kisha kwa ajili ya binti yake. Yote hayo yanafanyika kwa kubadilisha maneno machache, bila maelezo yoyote ya mwandishi kuhusu upendo.

Kitabu hakisemi popote kwamba mama amekufa. Wasomaji wengi hukumbuka kwamba alikufa, lakini kinachoonyeshwa ni mwana aliyesimama juu ya ngazi tu. Hapo ndipo mahali pekee kitabuni ambapo mtu amesimama bila kufanya lolote, na huenda ndipo mahali penye nguvu zaidi.

Baba wa mvulana hatajwi hata mara moja, wala hakuna neno kuhusu mke wa mwana. Baadhi ya wasomaji huona hilo kuwa pengo. Hata hivyo ukurasa wa mwisho unampa mwanamume kazi ileile ya kupakata na kubembeleza iliyofanywa na mama katika kurasa zote za nyuma. Ikikumbukwa kwamba wimbo ulitungwa na baba, ukurasa huo unakaribia kuwa picha ya mwandishi mwenyewe.

## Michoro

Michoro ya Sheila McGraw inafuata mtindo wa uhalisia wenye rangi za upole, tofauti na katuni za Michael Martchenko zilizopamba vitabu vingi vya Munsch. Nyumba ni ya kawaida ya Amerika ya Kaskazini, na nywele na mavazi ya mama hubadilika kadiri miaka inavyosonga, ingawa maandishi hayasemi lolote kuhusu kuzeeka kwake hadi karibu na mwisho.

Jalada ndilo lililofahamika zaidi. Linaonyesha mtoto wa miaka 2 akiwa ameketi sakafuni kando ya choo, karatasi za chooni zikiwa zimetapakaa. Hakuna mama kwenye picha hiyo. Mtu asiyekijua kitabu anaweza kudhani ni hadithi ya kuchekesha kuhusu kumfundisha mtoto kutumia choo, na wengi wamekinunua kwa dhana hiyo kabla ya kujikuta wakilia mbele ya watoto wao.

Mchoro mwingine unaozungumzwa sana ni ule wa mama akiendesha gari usiku huku ngazi imefungwa juu ya paa. Maandishi hayataji ngazi. Yanasema tu kwamba mama aliingia kwa dirisha. Picha hiyo imeongeza kichekesho, na pia imeongeza hoja za wale wanaodai mama amepita kiasi. Lipo pia toleo lililochorwa upya na Anthony Lewis kwa soko la Uingereza.

## Uchapishaji na mauzo

Mchapishaji wa kawaida wa Munsch aliona kwamba hadithi hii si ya watoto hasa, hivyo ikapelekwa Firefly Books. Katika mwaka wake wa kwanza iliuza nakala 30,000 na kuwa kitabu cha watoto kilichoongoza kwa mauzo nchini Kanada. Mwaka wa pili iliuza 70,000. Jambo hilo liliwashangaza waliohusika, kwa sababu kwa kawaida mauzo ya kitabu cha picha hupungua baada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu yalifikia nakala milioni 1.

Munsch na mchapishaji wake walianza kufuatilia nani anayenunua. Waligundua kwamba kitabu kilikuwa kinauzika sana katika makazi ya wastaafu huko Arizona, mahali pasipo na watoto. Wazazi walikinunua kwa ajili ya babu na bibi, babu na bibi kwa ajili ya wazazi, na watoto waliokwisha kuwa watu wazima kwa ajili ya mama zao. Munsch amesema hilo lilimchekesha, maana yeye alidhani ameandika kitabu cha watoto. Kwa namna fulani mchapishaji aliyekikataa alikuwa amekisoma sawasawa. Alikosea tu kuhusu soko.

Mwaka 2001 jarida la biashara ya vitabu *Publishers Weekly* lilitoa orodha ya vitabu vya watoto vilivyouzwa zaidi Marekani katika historia. Katika orodha ya vitabu vya jalada laini, *Love You Forever* kilishika nafasi ya 4 kikiwa na karibu nakala milioni 7. Juu yake kulikuwa na riwaya ndefu kama *Charlotte's Web*, ambazo zilikuwa sokoni kwa miongo zaidi.

Kitabu kimetafsiriwa kwa lugha nyingine kadhaa. Kwa Kifaransa kinaitwa *Je t'aimerai toujours*, na kwa Kihispania *Siempre te querré*.

## Mapokezi na mjadala

Mwaka 2007 chama cha walimu cha Marekani, National Education Association, kilikiweka katika orodha ya vitabu 100 vya watoto vilivyopendekezwa na walimu. Hutolewa zawadi kwa mama wanaotarajia kujifungua, na husomwa katika sherehe na pia katika mazishi.

Lawama kuu inahusu kutambaa. Wakosoaji wanasema mama anayeingia kwa dirisha usiku na kumpakata mwanawe mtu mzima bila yeye kujua hajui mipaka, na kwamba upendo wa mzazi unapaswa kumwachia mtoto nafasi ya kuondoka. Wengine wana hoja ya kina zaidi: mchana mama analalamika, na upendo wake anauonyesha mtoto akiwa amelala tu. Je, mvulana aliwahi kuusikia wimbo huo akiwa macho? Kitabu hakijibu moja kwa moja. Lakini mwisho wake unategemea jibu, kwa kuwa mama anaposhindwa kuumaliza wimbo, mwana anaujua wote.

Watetezi wanasema sehemu ya dirisha ni kichekesho cha kutia chumvi, sawa na vichekesho vingine vya Munsch, na kwamba watoto huielewa hivyo bila shida. Kwao, mama mwenye ngazi juu ya gari ni wa aina moja na joka la *The Paper Bag Princess*. Ni kweli kwamba mara nyingi watu wazima ndio wanaoshtuka. Ukisomwa kwa kuzingatia chanzo chake, mwendo ule wa usiku ni tendo la mzazi anayekwenda kuhakikisha kwamba mtoto bado yupo. Maelezo hayo hayaondoi ugumu wote, kwani msomaji hawezi kulazimishwa kujua maisha ya mwandishi ili kitabu kimkae sawa, na maandishi yenyewe hayatoi dokezo lolote la msiba.

Mara nyingi kitabu hiki hulinganishwa na *The Giving Tree* cha Shel Silverstein, kilichotoka mwaka 1964, ambacho nacho kinahusu upendo wa kutoa bila kikomo na kimegawa wasomaji vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kwa Silverstein mvulana anapokea hadi uzeeni, ilhali kwa Munsch mvulana anageuka kuwa mtoaji.

## Wimbo nje ya kitabu

Kitabu hakina noti za muziki. Munsch mwenyewe ana namna yake ya kuuimba, na alirekodi hadithi hii kwa sauti, lakini msomaji aliye na kitabu peke yake hulazimika kujitungia lahani. Hivyo kuna familia nyingi zinazouimba wimbo mmoja kwa sauti tofauti, na watoto waliokulia humo hushangaa kusikia wengine wakiuimba vingine.

Mwaka 2003 kitabu kilionekana katika tamthilia ya televisheni ya Marekani *Friends*, katika sehemu iliyohusu sherehe ya mwaka wa kwanza wa kuzaliwa kwa mtoto Emma. Mhusika Joey, aliyesahau kuleta zawadi, anakichukua kitabu hicho na kukisoma kwa sauti kana kwamba usomaji wenyewe ndio zawadi, na waliokuwapo wanaguswa.

## Munsch baada ya kitabu

Munsch aliendelea kuandika vitabu vya kuchekesha na kuwatembelea watoto mashuleni na majumbani kwao kote Kanada. Mwaka 1999 alitunukiwa nishani ya Order of Canada. Mwaka 2008 alipata kiharusi kilichoathiri uwezo wake wa kuzungumza, na mwaka 2021 ilijulikana hadharani kwamba anaugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Katika mahojiano na redio ya CBC mwaka huo alieleza kwamba hakuwa akiweza tena kuendesha gari wala baiskeli, lakini hadithi zake alizozisimulia kwa miaka bado zilikuwa kichwani.